Gari la mkopo limeua injini: ulirudishe, ulitengeneze au uliuze?

Noah yangu ilichemsha Puge, katikati ya Tabora na Nzega, ikiwa na abiria saba na magunia mawili ya mchele. Dereva alinipigia saa tatu asubuhi: "Shikamoo mama. Maji yote yameisha, mshale wa joto umefika juu kabisa." Nikamwambia aongeze maji, apumzishe injini kidogo, ajaribu kurudi nayo polepole. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Ilipofika Ipuli ilikuwa imeshanoki, unasikia kama mtu anagonga sufuria ndani ya injini. La pili nililifanya jioni ileile: nikamruhusu fundi aifungue.

Gari nilikuwa nimekaa nalo miezi kumi tu. Mkopo ulikuwa umebakiza marejesho 14 ya shilingi 520,000 kila mwezi; ukiondoa riba ya miezi ya mbele, salio lilikuwa karibu milioni 6.4.

Tangu hapo wameshanijia watu wengi wenye tatizo hilohilo: mkulima wa tumbaku wa Urambo aliyenunua pikapu kwa mkopo, mwalimu mwenye Ractis, kijana anayepeleka abiria Sikonge. Wote huanza na swali moja, "Nitengeneze au niachane nalo?" Nami huanza kwa kuwauliza kitu kingine.

Kadi ya gari iko kwa nani?

Hapa Tabora tunasema "gari la mkopo" tukimaanisha mambo matatu tofauti, na kila moja lina njia yake ya kutokea.

La kwanza ni mkopeshaji kutoa fedha, ukanunua gari kwa muuzaji mwingine, na mkopeshaji akashika kadi mpaka umalize. Hapa una watu wawili wasiohusiana. Muuzaji alishalipwa fedha zake zote siku ya kwanza. Mkopeshaji hakukuuzia gari, alikuuzia fedha. Kwa hiyo hata injini ikifa kesho, rejesho la mwisho wa mwezi liko palepale, na ugomvi wako na muuzaji hauli hata shilingi moja ya deni.

La pili ni muuzaji mwenyewe kukukopesha. Unatanguliza kiasi, unachukua gari, unalipa kidogo kidogo, na kadi inabaki kwa jina lake. Hapa anayekudai ndiye aliyekuuzia kitu kibovu, na nguvu yako ya kuzungumza ni kubwa kuliko unavyofikiri. Anataka uendelee kulipa. Wewe unataka gari litembee. Mkalishane chini kabla hujamtafuta fundi kwa fedha zako, kisha mnachokubaliana kiandikwe na kusainiwa mbele ya shahidi.

La tatu ni mkopo wa mshahara, wa SACCOS au wa VICOBA. Gari ni lako, kadi unayo kabatini, wanaokusubiri ni makato ya mshahara au wanachama wenzako. Una uhuru wa kuliuza hata leo jioni bila kumwomba mtu ruhusa. Watu wengi wa kundi hili hawajui kwamba wana uhuru huo, wanakaa na gari bovu uani mwaka mzima wakidhani ni mali ya mkopo.

Hesabu ambayo deni halimo

Hapa ndipo niliposumbuka zaidi. Usiku ule nililala nikijiambia, "Nadaiwa milioni sita na nusu, nitawezaje kuongeza tena milioni tatu kwenye gari hilo?" Ilikuwa hesabu mbaya. Deni lilikuwepo nikitengeneza, lilikuwepo nisipotengeneza. Linaonekana pande zote mbili za mizani, kwa hiyo halisaidii kuchagua upande.

Swali lenyewe ni hili: gari likiwa bovu hivi lilivyo linauzwa shilingi ngapi, na likiwa zima linauzwa ngapi? Tofauti ya hizo mbili ndiyo thamani ya matengenezo. Kama matengenezo pamoja na hasara ya siku za kusimama ni kidogo kuliko tofauti hiyo, tengeneza. Kama ni kubwa zaidi, usitengeneze, hata kama unalipenda gari.

Kwangu ilikuwa hivi. Niliuliza watu watatu wanaouza magari hapa mjini, Noah kama ile ikiwa nzima wakasema kama milioni 11. Ikiwa na injini iliyokufa, aliyenipa bei ya juu alisema milioni 4.5. Tofauti ni milioni 6.5. Injini ya mtumba pamoja na usafiri, ufundi, oili na vitu vidogo vidogo ilikuwa milioni 2.9. Hesabu ya dereva, yaani fedha anayoniletea, ilikuwa 35,000 kwa siku, na siku 18 za kazi zilizopotea ni 630,000. Jumla milioni 3.53. Kwa hiyo kutengeneza kuliniacha mbele kwa karibu milioni tatu.

Mwalimu mwenye Ractis alikuwa upande wa pili. Giaboksi yake ya CVT, aina ya otomatiki, ilikufa kwa sababu mtu aliwahi kuijaza oili ya giaboksi ya kawaida. CVT ina oili yake, ukichanganya unaiua taratibu. Gari zima lingeuzwa milioni 7. Bovu alipewa milioni 5, kwa kuwa injini na bodi vilikuwa safi. Tofauti milioni 2. Giaboksi nyingine ikiwa imefungwa aliambiwa milioni 2.6. Aliliuza bovu, akapunguza mkopo wake kwa fedha ile, na mpaka sasa anapanda bajaji kwenda shuleni. Alifanya sawa.

Muulize mnunuzi wa gari bovu kabla hujamuuliza fundi. Sisi huwa tunafanya kinyume, na fundi hawezi kukwambia usitengeneze. Hiyo ndiyo kazi yake.

Deni linaingia mahali pengine: kwenye pumzi. Hesabu inaweza kusema tengeneza, lakini kama huna pa kupata milioni 2.9 na rejesho la mwezi huo kwa pamoja, hesabu nzuri haitakufikisha. Nitalirudia hili nikifika kwa mkopeshaji.

Kumrudia muuzaji

Njia hii ndiyo rahisi kuliko zote kama bado iko wazi, nayo hufungwa haraka. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mtu ambaye biashara yake ni kuuza magari akupe gari lenye ubora unaostahili na linalofaa kwa kazi uliyomweleza. Ulimwambia la abiria wa Nzega, basi lifae kwa abiria wa Nzega. Lakini kuna mipaka. Kama ulilikagua kabla ya kununua, huwezi kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuiona. Aliyekuuzia akiwa mtu binafsi anayeuza gari lake moja, sharti hilo la ubora halimbani. Kwake utasimama kwenye uongo aliokuambia, kama upo na una ushahidi wake.

Mpaka mkubwa ni muda. Ukikaa na gari kwa muda wa kutosha bila kumwambia muuzaji kwamba unalikataa, sheria inakuhesabu umelipokea. Ukilifanyia jambo ambalo ni mwenye mali tu angelifanya, vilevile. Baada ya hapo unabaki na haki ya kudai fidia, ila kulirudisha gari na kuchukua fedha zako kunakuwa kugumu.

Yangu ilikuwa na miezi kumi, kwa hiyo kurudisha sikutegemea. Fidia ningeweza kuipigania, na niliipoteza kwa mikono yangu. Muuzaji, mwenye yadi katika mji mwingine, alikuwa ameniandikia kwenye simu kabla sijanunua: "Injini haijawahi kuguswa." Fundi alipofungua tulikuta silikoni nyekundu imebanwa kuzunguka kava, na vichwa vya bolti za hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, vimekwaruzwa na spana. Injini ilikuwa imeshafunguliwa na mtu. Nilimpigia muuzaji kwa furaha ya mtu aliyepata ushahidi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, fundi wako si ndiye aliyeifungua? Mimi nitajuaje nani ameweka hiyo silikoni?"

Nilikosa neno.

Kwa hiyo, ndugu yangu, gari likifa usilifungue siku hiyo. Livute mpaka mahali salama. Piga picha na video: dashibodi ikionyesha kilomita, taa zilizowaka, rejeta, oili kwenye stiki. Mwandikie muuzaji ujumbe, si kumpigia tu, umweleze tatizo na umpe siku za kuja au kutuma fundi wake. Akikaa kimya, tafuta fundi wa pili ambaye hatalitengeneza yeye, mwalimu wa ufundi wa magari kwa mfano, alione likifunguliwa na aandike anachokiona, tarehe na sahihi. Hapo ukienda Tume ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003 inashughulikia wafanyabiashara wanaopotosha walaji, au ukienda mahakamani, una kitu mkononi. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanaweza kukusaidia kuandika barua ya madai bila kukutoza.

Na bima? Bima kubwa inalipa ajali, moto na wizi. Injini iliyokufa kwa uchovu au kwa kukosa maji haimo.

Hedi, ovahoo au injini nyingine

Ukishaamua kutengeneza, bado kuna uchaguzi ndani ya uchaguzi.

Gari lililochemsha mara moja na kuzimwa papo hapo mara nyingi limeunguza gasketi ya hedi tu, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, yaani mwili wa injini. Dalili unaziona mwenyewe: maji yanapungua bila kuvuja chini, mapovu kwenye rejeta ukikanyaga mafuta, moshi mweupe usiokatika, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Kubadilisha gasketi ndiyo kazi ya bei ndogo kuliko zote tatu, ilimradi hedi iwe imenyooka. Fundi wangu alinionyesha jinsi ya kujua. Aliiweka hedi juu ya benchi, akaisafisha uso kwa wembe, akasimamisha rula ya chuma juu yake, akawasha tochi ya simu upande wa nyuma. "Inama hapa mama, angalia." Katikati ya silinda ya pili na ya tatu mwanga ulipita chini ya rula, mstari mwembamba kama uzi wa kushonea. Hedi ilikuwa imepinda. Ikipinda kidogo inasagwa kwenye karakana yenye mashine ikanyooka. Ikipinda sana au ikipasuka unatafuta nyingine. Usikubali fundi afunge gasketi mpya juu ya hedi ambayo haijapimwa. Utarudi baada ya mwezi.

Kwa Noah za kizazi cha AZR60 kuna la ziada. Injini zake za familia ya AZ zina bloku ya alumini, na zikichemsha, uzi wa bolti za hedi ndani ya bloku unaweza kukatika. Bolti inazunguka bila kukaza. Hapo gasketi mpya haina kazi, mpaka nyuzi zitengenezwe upya kwa vifaa vyake maalumu, na si kila gereji ya hapa ina vifaa hivyo wala mkono wa kuifanya.

Ovahoo maana yake injini yako ileile inafunguliwa yote, ringi, beringi, pengine pistoni, vinabadilishwa. Inafaa kama una fundi unayemwamini kabisa na vipuri halisi vinapatikana. Mimi kwa gari la biashara la Tabora siipendi. Kila kipuri kinachokosekana kinaagizwa Kariakoo, kinasubiriwa, kinakuja si chenyewe, kinarudishwa. Wiki mbili zinakuwa sita, na rejesho halisubiri.

Injini ya mtumba inawekwa kwa siku chache na mara nyingi ndiyo njia ya gari linalotafuta fedha. Hatari yake ni kununua maiti nyingine. Taka isikike ikiwaka kabla ya kulipa, ipimwe kompresheni (nguvu ya mgandamizo) silinda zote, ifunguliwe kifuniko cha oili uone kama ndani kuna tope jeusi. Andikiana na muuzaji siku za kuijaribu. Dai risiti ya EFD yenye namba ya injini, maana namba hiyo utaihitaji: kadi ya gari imeandikwa namba ya injini ya zamani, na injini ikibadilishwa taarifa zinapaswa kurekebishwa TRA. Kwa kuwa kadi iko kwa mkopeshaji, huwezi kufanya hivyo kwa siri, na hupaswi. Gari ni dhamana yake, injini ni sehemu ya dhamana.

Kuuza au kulirudisha

Ukiona kutengeneza hakulipi au huna pumzi, zinabaki njia mbili ambazo watu huzifikiria kama moja: kuliuza mwenyewe kwa ridhaa ya mkopeshaji, au kumpelekea mkopeshaji funguo na kusema chukueni. Sioni sababu ya kuchagua ya pili wakati ya kwanza ipo.

Ukiuza mwenyewe unatafuta mnunuzi kwa wiki mbili tatu, unabishana bei, fedha zinakwenda moja kwa moja kwa mkopeshaji, kadi inatoka, na kilichobaki mnapanga. Kwangu ingekuwa milioni 4.5 kwenye deni la milioni 6.4, ningebaki nadaiwa milioni 1.9 bila gari. Inauma, lakini ina mwisho unaoonekana.

Ukilirudisha, linakaa kwenye yadi, jua na mvua. Kisha mnada. Kwenye mnada gari bovu hununuliwa na watu wanaojua kwamba hakuna anayelitetea. Gharama za kulivuta, kulilinda na za dalali zinaongezwa kwako. Tuseme lingeuzwa milioni 3.8 na gharama ziwe laki sita: zinaingia milioni 3.2 kwenye deni, na unabaki unadaiwa milioni 3.2 nyingine. Watu wengi hudhani ukirudisha gari deni limekufa. Halifi, isipokuwa mkopeshaji akuandikie wazi kwamba analipokea gari kama malipo ya deni lote. Ukiweza kupata barua ya namna hiyo, chukua upesi. Bila barua, usikabidhi funguo.

Kuacha kulipa na kulificha gari kijijini sikuweki kama njia. Wanaoumia kwanza ni wadhamini. Nimemwona mama mmoja wa Isevya akiandikiwa friji na makochi kwa gari ambalo hajawahi hata kulipanda.

Na tafadhali usiuze vipuri kimoja kimoja ukiwa bado unadaiwa. Ni kuuza dhamana ya mtu, na kesi yake ni mbaya kuliko deni.

Kwa mkopeshaji, kabla ya tarehe

Nilikwenda siku tisa kabla ya rejesho, nikiwa na picha, bei ya injini kwa maandishi, na daftari langu la hesabu lenye safari za Nzega za miezi kumi na kurasa za siku zile zikiwa tupu. Afisa mikopo, kijana wa umri wa mwanangu, alilipekua daftari lile muda mrefu kuliko karatasi nyingine zote. Akaniambia, "Mama, wengi huja hapa tukishawapigia simu mara ya tano."

Kuna mambo mawili ya kuomba, nayo hayafanani. Kupanga upya marejesho kunakupa nafasi: miezi miwili mitatu ulipe riba tu, au muda urefushwe rejesho lipungue. Jumla utakayolipa inaongezeka, hilo lijue na uombe jedwali jipya lenye tarehe na kiasi. Kuongeza mkopo kunakupa fedha ya injini mkononi, lakini unalipia ada upya, na kama riba yako ni ile inayokokotolewa kwenye mkopo wote tangu mwanzo badala ya kwenye salio linalopungua, unaweza kujikuta unalipia riba mara mbili kwa fedha ileile. Uliza swali hilo kwa maneno hayo.

Mimi niliomba miezi miwili ya riba tu, na fedha ya injini nikaipata kwingine: nusu akiba, nusu kikundi chetu cha akina mama, ambako riba ni ndogo na inarudi kwetu wenyewe mwisho wa mwaka. Mkulima wa tumbaku wa Urambo alifanya la busara zaidi. Aliomba marejesho yake yafuate msimu, makubwa baada ya masoko ya tumbaku, madogo miezi ya shamba. Walimkubalia kwa sababu alikwenda na hati za malipo za chama chake cha ushirika za miaka miwili.

Mkopeshaji akikukatalia kukupa taarifa ya salio au akiongeza tozo usizozijua, andika malalamiko kwake kwanza, utunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Asipokujibu, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, na kanuni za kuwalinda wateja za mwaka 2019 ndizo zinazolisimamia hilo.

Noah ilirudi barabarani siku ya ishirini na moja. Wiki mbili za kwanza nilimkataza dereva kupita kilomita 80 kwa saa, na kila asubuhi kabla ya kuondoka stendi alinitumia picha ya stiki ya oili na ya maji kwenye rejeta. Kadi niliichukua mwaka uliofuata pamoja na barua ya kuachia dhamana. Nikasimama palepale kaunta nikasoma namba ya injini tarakimu moja moja, nikiilinganisha na risiti, kabla sijasaini kwamba nimeipokea.